Kiti cha Aliyeumia

Msinione nimetundika kitambulisho cha kamati shingoni mkadhani mimi ni mtu mkubwa. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Kazi yangu tangu ujana ni kupangusa makamasi, kufunga kamba za viatu na kuamua kesi za nani kaanza. Ndiyo maana walipokuja kuniambia kuna kamati inatunga mtaala wa amani kwa watoto wadogo wa dunia nzima, na kwamba wanataka mwalimu mmoja anayeshinda na watoto kweli, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dunia nzima! Mimi darasa moja tu linanitoa jasho.

Lakini nilikubali, na sababu nitaisema wazi, maana kuzungukazunguka sikuwezi. Shule yetu iko kati ya mtaa wa juu na mtaa wa chini. Miaka miwili nyuma mitaa hiyo ilishikana mashati, ikatupiana mawe, halafu nyumba zikawaka. Tunaiita siku ya moshi, kwa kuwa hakuna anayetaka kuiita kwa jina lake. Sisi ni wa mtaa wa juu. Mwanangu wa pekee alitoka siku hiyo akisema anakwenda kufunga duka lake, anarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi ninaisubiri mpaka leo. Hatukupata mwili, hatukupata hata kiatu. Mke wake alishafariki kabla, kwa hiyo aliniachia binti mmoja, mjukuu wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi. Ana miaka sita, lakini ukimsikia anavyogombeza watu kuhusu kunawa mikono, utadhani ameshaoza mabinti wanne.

Darasani Shangazi alikuwa na rafiki mmoja tu, na alimtosha. Ni mtoto wa kiume kutoka mtaa wa chini, tuliyempa jina la Kwanini kwa sababu neno hilo halikauki mdomoni mwake. Kwa nini maji hayana rangi? Kwa nini mwalimu mkuu ana kitambi? Shangazi anaamrisha, Kwanini anauliza, siku inakwenda. Baada ya siku ya moshi darasa langu ndilo pekee lililobaki na watoto wa mitaa yote miwili. Ofisi ya elimu haikupenda. Waliniambia bila kupepesa macho: ukileta huo mtaala wa kimataifa, ukapitishwa na shule yako ikawa shule ya mfano, watoto watabaki pamoja. Usipopita, tunawagawa. Wa juu asubuhi, wa chini mchana, na kila mzazi atalala usingizi wake.

Basi nilikwenda kwenye kamati kwa ajili hiyo. Dunia nzima inisamehe. Mimi nilikuwa natetea dawati moja wanalokaa watoto wawili.

Kamati ilikutana kwenye ghorofa ya nne ya jengo la vioo, chumba chenye viti vya magurudumu na baridi ya mashine iliyonifanya nivae sweta mchana kweupe. Wajumbe walitoka nchi mbalimbali. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, na maneno yake yalinifikia masikioni kupitia mkalimani, kijana mtanashati aliyekaa nyuma ya kioo. Siku ya kwanza Mwenyekiti alitugawia kila mmoja karatasi ya doti nyekundu za kubandika, zile za gundi. Akatueleza utaratibu. Mjumbe yeyote akiona kitu kinachoweza kumkwaza mtoto yeyote popote duniani, anabandika doti, na kitu hicho kinatoka. Hakuna kumwuliza kwa nini. Hakuna kujieleza. Sisi ni kamati ya amani, alisema, hatuwezi kuanza kwa kugombana.

Jamani, zile doti! Neno "vita" lilitoka kabla sijamaliza kahawa. Sawa. Likafuata "ugomvi". Likafuata "hasira". Tulikuwa na hadithi ya mbwa na paka waliogawana kivuli. Mbwa akapigwa doti, paka akabaki peke yake kivulini bila kazi, hadithi ikafa. Wimbo wa mvua, doti. Picha ya familia mezani, doti. Picha ya nyumba, doti. Nilikuwa nabuni sababu mwenyewe kichwani: labda kuna mtoto amepoteza nyumba, labda kuna waliochukuliwa na mafuriko. Kila sababu ilikuwa na haki yake, hilo sibishi. Ila mwisho tulibaki na mtoto mmoja asiye na rangi, amesimama mahali pasipo na kitu, ameshika mpira. Nikamwambia mjumbe jirani yangu kwamba mtoto huyo anaonekana kama amefiwa. Alitabasamu kwa adabu. Sijui mkalimani alimwambia nini.

Somo langu, somo la tisa, lilipita raundi zote bila doti hata moja. Lilikuwa halina hadithi wala picha. Lilikuwa na kiti tu, na nani atagombana na kiti?

Lilianza kwenye vibao vya kujengea. Shangazi alikuwa amejenga mnara, Kwanini akauangusha ili aone kwa nini ulikuwa umesimama. Kelele za Shangazi zilisikika mpaka kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, sikutaka kuamua kesi, nikamwambia Shangazi akae kwenye kiti aseme, na Kwanini asimame asikie. Hapo ndipo kanuni zilipozaliwa. Aliyeumia anakaa. Aliyemuumiza anasimama mbele yake. Aliyekaa anasema kilichompata, bila tusi. Aliyesimama anarudia alichosikia, vilevile, bila kutia "lakini". Akimaliza kurudia ndipo anajibu. Hakuna kulazimishana samahani. Aliyekaa akiona amesikika, anainuka. Asipoona hivyo anabaki amekaa, na sisi sote tunamsubiri, hata chai ipoe.

Kiti chenyewe, kidogo, cha bluu, alikitengeneza baba yake Kwanini. Ni seremala, na ndiye anayesikilizwa na wazazi wote wa mtaa wa chini. Alikileta mwenyewe begani, akakataa malipo, akanisalimia shikamoo kwa heshima zote. Nilimpenda yule kijana. Nasema kweli, nilimpenda, nilikuwa namwombea dua.

Ikabaki hatua moja. Wajumbe waliamua kuja darasani kuliona somo la tisa kwa macho yao, wakiwa na kamera. Wakiridhika, litapita, na mtaala mzima utapita nalo.

Siku ya ugeni mvua ilianza alfajiri, ile ya kunyesha kama imetumwa. Wageni waliingia na miavuli inayochuruzika, sakafu yangu ikawa dimbwi, nami nilikuwa huku natandika magunia, huku nasalimia, huku namkataza mtoto mmoja asilambe kioo cha kamera. Wazazi walikuwa wanaleta watoto mbiombio. Sikuwatazama. Hilo ndilo ninalojiuliza: ningetazama mlangoni, ningeona kabla ya mtoto?

Tukakaa kwenye duara. Kiti cha bluu katikati. Wageni ukutani kwenye madawati ya kitoto, magoti yamewafika videvuni.

"Nani ameumia leo?" niliuliza, nikitegemea kesi ya penseli.

Shangazi alisimama, akavuta gauni lake chini kama mtu mzima anayekwenda mbele ya kadhi, akakaa kwenye kiti.

"Namwita Kwanini."

"Kwa nini mimi?" Kwanini aliruka. "Leo sijafanya kitu!"

Watoto walicheka. Mkalimani akanong'ona, wageni nao wakacheka, wamechelewa kidogo.

Kwanini akaja akasimama, mikono nyuma. Shangazi akamtazama usoni.

"Baba yako amevaa koti la baba yangu."

 Nikashika ubao.

"Umesema baba yangu amevaa koti la baba yako," Kwanini alirudia, vilevile, kama nilivyomfundisha.

"Lina kifungo cha njano. Bibi alikishona. Mimi nilikuwa nakinyonya nikibebwa."

"Umesema lina kifungo cha njano, na bibi yako alikishona, na wewe ulikuwa unakinyonya." Akafikiri kidogo, maana sasa ilikuwa zamu yake ya kujibu, na Kwanini hasemi kitu bila kukifikiria. "Kweli kipo. Lilikuwa kwenye sanduku tangu siku ya moshi. Leo baba amelitoa kwa sababu ya mvua."

"Nalitaka."

"Nitamwambia alirudishe," Kwanini alisema. Halafu, kwa kuwa ni mtoto mwema, akaongeza: "Na baba yako pia nitamwambia amrudishe."

Shangazi aliinuka. Alikuwa amesikika. Alimshika Kwanini mkono wakarudi kukaa pamoja, na Shangazi alikuwa anatabasamu, Mungu wangu, anatabasamu kwa mdomo wake ule usio na meno mawili ya mbele.

Nilitazama dirishani. Seremala alikuwa barazani, amejibanza asilowe, anasubiri mvua ipungue. Dirisha lilikuwa wazi. Koti la kijivu, kifungo cha pili kutoka juu cha njano, nilichokikata kwenye gauni langu kuukuu baada ya mwanangu kupoteza cha kwake. Nilikishona kwa uzi wa njano, mara mbili, kwa sababu mwanangu alikuwa mzembe wa vifungo. Alinicheka siku hiyo. Alisema, mama, sasa nimekuwa taa ya barabarani. Seremala alikutana na macho yangu. Alilivua lile koti, akalikunja kwa ndani, akaliweka kwapani, akaondoka na shati tu kwenye mvua ile.

Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga makofi. Mjumbe mmoja alikuwa analia kabisa, anajipangusa na skafu. Mwenyekiti alinikumbatia, na mkalimani akanitafsiria sikioni kwamba hili, mama, hili ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Somo hili litakwenda kwenye kila nchi. Shule yako ndiyo itakuwa ya mfano.

Hakuna aliyeniuliza huyo baba ni nani. Walikuwa wamezoea kutouliza. Na mimi, lo, mimi nilisema ahsante.

Kwanini hakuja shule kesho yake, wala keshokutwa. Nilikwenda mpaka kwenye karakana ya baba yake, nikakuta mlango una kufuli na vumbi la mbao limetapakaa kizingitini. Sikutaka polisi wala ugomvi. Nilitaka kumwuliza kitu kimoja tu: mwanangu yuko wapi, ili nikamzike. Na kama angeniambia, mama, koti hili nililiokota barabarani siku ile, nilikuwa na baridi, naapa ningemwamini. Ningemwamini kwa furaha. Nilikuwa nimeshamtengenezea utetezi mwenyewe njiani.

Alikuja mwenyewe kabla wiki haijaisha. Jua lilikuwa kali, siku ya kwenda kifua wazi, na alikuwa amevaa lile koti. Kamshika Kwanini mkono. Nyuma yake, kwenye kizingiti mpaka nje, wamejaa wazazi wa mtaa wa chini, kila mmoja anamtafuta mtoto wake kwa macho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," nilisema, maana ulimi una mazoea yake.

"Nimeambiwa mjukuu wako alisema maneno juu yangu mbele ya wageni. Sikuja kwa shari. Njia umetufundisha mwenyewe, Mama. Aliyeumia akae." Akamsukuma Kwanini taratibu mpaka kwenye kiti cha bluu.

Kwanini alikaa upande mmoja wa kiti, kama mtu ambaye kukaa kunamuuma. Hakuuliza chochote. Kwanini, aliyewahi kuniuliza kwa nini sifuri ni mviringo, alikaa pale akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Namwita Shangazi," alisema. Shangazi akaja mbio, amefurahi kumwona, akasimama mbele yake.

"Umemsingizia baba yangu. Koti ni lake. Vifungo vyote ni vyeusi."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, kama mtoto anayekariri shairi la mgeni rasmi. Shangazi hakurudia mara moja. Aligeuka akaenda kwa Seremala, akanyanyua uso, akashika kifungo cha pili kutoka juu. Nami nilikuwa nimesogea. Kilikuwa cheusi, kipya, kinang'aa kuliko wenzake. Na chini yake, kwenye kitambaa, zilibaki nyuzi mbili za njano zilizokatwa kwa haraka. Uzi wangu. Ule mnene, wa mara mbili.

Shangazi aliuona. Nilimwona akiuona. Kisha alinigeukia akanitazama, akasubiri, kwa utulivu kabisa, kwa sababu alikuwa na uhakika kwamba bibi yake atasema.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Kama asingefanya kitu, angebadilisha kifungo cha nini? Mtu wa kuokota koti habadilishi kifungo. Pale ndipo nilipojua mwanangu hakupotea, kuna mikono ilimvua lile koti, na mikono hiyo iko mbele yangu inanukia gundi ya mbao.  Lakini niliwaona wale akina mama mlangoni, wameshawakamata watoto wao viganja. Neno moja, na darasa limekwisha asubuhi hiyohiyo. Nikamwona na Kwanini alivyokaa upande, nikajua ameshapigwa, na neno langu litamfuata nyumbani. Na niliogopa. Msinipambe, niliogopa kama mtu yeyote. Basi nikageuza uso nikatazama ubao, ambako hakukuwa na kitu ila tarehe.

"Shangazi," nilisema, "rudia ulichosikia."

 Halafu sauti yake, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia:

"Umesema nimemsingizia baba yako. Umesema koti ni lake. Umesema vifungo vyote ni vyeusi." Akaongeza: "Nilikosea."

Hiyo ya mwisho sikumfundisha. Aliipata mwenyewe, kwangu, kwa kunitazama mgongo.

Kanuni inasema aliyekaa akisikika anainuka. Kwanini hakuinuka. Alikuwa anamtazama Shangazi na machozi yanamdondokea kwenye magoti, kimya kimya. Baba yake akamwinua kwa mkono. "Haya, umesikika," akasema, na akaniaga kwa heshima, na wale wazazi wakawaachia watoto wao viganja, wakaondoka. Darasa lilikuwa limesalimika. Nikafundisha herufi.

Lilisalimika kwa wiki moja hivi. Habari ikafika mtaa wa juu, na ilipofika ilikuwa imeshaota pembe: kwamba mwalimu amemlazimisha yatima kumwomba radhi aliyemfanya yatima. Walikuja wakanimwagia maneno ambayo siwezi kuyasema hapa, na mengi yalikuwa ya haki. Wakachukua watoto wao. Wa chini waliposikia wa juu wameondoka, nao wakasema hawatakaa kungoja balaa. Ndiyo mara ya kwanza tangu siku ya moshi mitaa hii miwili kukubaliana jambo. Ofisi ya elimu haikungoja mtaala wowote. Afisa alikuja na kipande cha chaki, akaandika ratiba mlangoni: wa juu asubuhi, wa chini mchana. Dawati la Shangazi na Kwanini liko palepale. Asubuhi anakaa mmoja, mchana mwingine. Siku moja nilimkuta Shangazi ameacha kipande cha penseli ndani yake. Mchana nilitazama kama Kwanini atakichukua. Alikiona, akakisukuma pembeni kwa kidole, akafunga dawati.

Kikao cha mwisho cha kamati kilikuwa baada ya hapo. Nilikwenda na sweta langu. Chumba kilikuwa na shangwe. Walikuwa wameitengeneza ile video vizuri, wameweka na muziki. Nikamwona Shangazi ukutani, mkubwa kama nyumba, anatabasamu na pengo lake, na Kwanini anasema nitamwambia amrudishe. Watu wakapiga makofi tena. Mwenyekiti alisema somo la tisa ndilo moyo wa mtaala, na kwamba linabaki jambo la kutimiza utaratibu tu: je, yupo mwenye doti?

Nilikuwa nazo zangu zote. Sikuwahi kubandika hata moja.

Niliwaza kwamba mahali fulani mbali sana, ambako sitakanyaga, kuna darasa, na darasa lina mlango, na mlangoni kutakuja kusimama mtu mwenye koti. Na mwalimu wa huko atamwambia mtoto, rudia ulichosikia. Niliinuka, nikaenda mpaka kwenye meza ya mbele, nikabandua doti moja. Ilining'ang'ania kidoleni. Nikaibandika juu ya somo la tisa.

 Mwenyekiti aliniangalia, uso umemshuka, akafungua mdomo.  Niulize, nilikuwa nasema kimoyomoyo. Niulize kwa nini, mama wewe, mara moja tu, nikwambie yote, koti na uzi na mtoto aliyenigeukia. Nikamtazama kila mjumbe. Hata yule wa skafu, aliyelia siku ile darasani. Walikuwa wanaangalia karatasi zao. Mwenyekiti alifunga mdomo, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema tunaheshimu. Kanuni ilikuwa yake mwenyewe, asingeweza kuivunja.

Mtaala ulipita siku hiyohiyo. Nimepewa nakala yangu, ina jalada gumu na karatasi nzuri ya kuteleza. Mahali pa somo la tisa pana yule mtoto asiye na rangi. Anasukuma mpira laini kwenye ukuta, na mpira unamrudia.

Niliileta nyumbani alasiri nikaiweka juu ya kabati. Nikaanza kupika. Shangazi tangu ile siku hagombezi mtu; ukimwambia anawe ananawa, ukimwambia ale anakula. Majirani wananipongeza, wanasema mtoto ametulia. Nilipakua, nikaweka sahani mbili mkekani, nikamwita.

Alikuja akiwa anaburuta kigoda cha jikoni. Akakiweka katikati ya chumba, akavuta gauni lake chini, akakaa.

"Bibi, simama hapa."

"Chakula kinapoa, mama."

"Simama hapa, Bibi."

Nikasimama mbele yake. Mwiko ulikuwa bado mkononi, sikujua niuweke wapi.

"Uliuona uzi," alisema. "Ukaangalia ubao."

Nikataka kumwambia. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia: juu ya akina mama mlangoni, juu ya Kwanini, juu ya dawati. "Mjukuu wangu, nilitaka..."

"Rudia kwanza, Bibi. Bila lakini."

"Umesema niliuona uzi."  Alinisubiri. "Umesema nikaangalia ubao."

Akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo, hivyohivyo, nimerudia vizuri. Sasa ilikuwa zamu yangu ya kujibu, na ndani mwangu sikupata jibu hata moja ambalo halikuanza na lile neno nililowakataza. Nikasimama na mwiko wangu, nikangoja ainuke. Chakula kilipoa, jua likaondoka ukutani, na alikuwa bado amekaa.